Fremu 17 au 19, mkanda au dijitali: jibu kwa mdogo wangu wa Korogwe anayetaka kupanda Lushoto

Marahaba mdogo wangu, na umefanya la maana kuuliza kabla hujatoa hela, maana wengi wanauliza baiskeli ishalala ndani na muuzaji kashabadilisha namba ya simu.

Kwa faida ya wengine swali lenyewe liko hivi. Ana urefu wa sentimita 168, mguu kwa ndani amepima amepata 76. Ameona maunteni baiki mbili za mtumba, moja fremu imeandikwa 17 na ringi zake 26, nyingine imeandikwa 19 ringi 29, na muuzaji anamsukumia hiyo ya 19, anamwambia ndo ya kisasa, ikiwa kubwa shusha siti utaizoea tu. Anataka kupanda nayo Usambara, Lushoto mpaka Mtae, akipiga picha njiani. Mjomba wake kamwachia Pentax K1000, ile ya mkanda, na yeye ana akiba ya kununua kamera ndogo ya dijitali iliyotumika. Anauliza achukue fremu ipi na aende na kamera ipi.

Jibu langu, chukua ya 17, ubadilishe stemu, kile kipande kinachoshikilia usukani kwenye foko, na safarini dijitali ndo iwe kamera ya kazi. K1000 usiiuze hata kidogo, nitakwambia ya kufanya nayo. Ila hata hiyo 17 usiilipie mpaka uipime mwenyewe kwa futi ya fundi cherehani, kwa sababu hiyo namba iliyoandikwa inakwambia kitu kidogo sana.

Namba 17 ni inchi za bomba la siti, yani kutoka katikati ya ekseli ya krenki mpaka bomba linapoishia juu, kama sentimita 43. Ya 19 ni kama 48. Na hata hapo viwanda havikubaliani, wengine wanapima mpaka mwisho wa bomba, wengine mpaka pale bomba la juu linapokutana na la siti, kwaiyo 17 ya kampuni hii inaweza kuwa sawa na 18 ya kampuni ile. Huu upimaji umerithiwa kwenye baiskeli za barabarani za zamani ambazo bomba la juu lilikuwa linalala usawa kabisa, hivyo ukijua bomba la siti unakisia na mengine yote. Maunteni baiki ilipoanza kule Marin, California, miaka ya 1970, wale jamaa walikuwa wanateremka milima na baiskeli nzito za zamani, na baadae fremu zikaanza kuinamishwa bomba la juu ili mtu apate nafasi ya kusimama, lakini namba ikabaki ile ile. Afu mwishoni mwa miaka ya 1990 Gary Fisher akarefusha bomba la juu na kufupisha stemu, na kuanzia kama 2013 Mondraker wa Hispania wakaenda mbali zaidi, fremu ndefu mno na stemu fupi sana, na soko zima likafuata taratibu. Ndo maana leo unaweza kukuta fremu mbili zote zimeandikwa 17, moja ya 1998 na moja ya 2018, na zikapishana urefu sentimita 4 au 5 kwa mbele. Sentimita 5 kwenye baiskeli ni nyingi, unaisikia mgongoni kabla hujafika Soni.

Sasa hapa ndo muuzaji wako anapokupoteza na nataka ulielewe vizuri. Siti inapanda na kushuka, fremu hairefuki wala haifupiki. Ukishusha siti kwenye baiskeli kubwa umerekebisha urefu wa mguu tu, mikono bado inavutwa mbele vile vile, mabega yanapanda masikioni, uzito wote unakuwa kwenye viganja, na ukiteremka kwenye changarawe gurudumu la mbele halikusikilizi kwa sababu umejinyoosha mno huwezi kuinamisha baiskeli chini yako. Wengine wanajaribu kusogeza siti mbele kabisa kwenye reli zake ili wausogelee usukani, na hiyo ni mbaya zaidi maana goti linakaa mbele ya pedeli na kilima kile cha kutoka Mombo kitakuuliza. Siti inapangwa kwa ajili ya miguu. Mikono inatafutiwa dawa kwa fremu na stemu.

Urefu wa siti yako ni rahisi. Kuna hesabu aliyoitangaza Greg LeMond, yule Mmarekani aliyechukua Tour de France mara 3: mguu kwa ndani zidisha kwa 0.883. Wewe 76 inakuja kama 67, kutoka katikati ya krenki mpaka juu ya siti kwa kufuata bomba. Kwa njia ya milimani mimi nashusha sentimita moja hivi. Kama huna imani na hesabu, kaa kwenye siti mtu akushikilie, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuyumba, ukirudisha unyayo mahali pake goti litakunjika kidogo, hapo hapo. Hakikisha kwanza kipimo chako cha 76 ni cha kweli: peku, mgongo ukutani, kitabu kigumu kipandishwe mpaka kiguse msamba kwa nguvu kidogo kama siti inavyogusa, upime toka sakafuni mpaka mgongo wa kitabu. Kipimo cha suruali sio hicho, cha suruali huwa kinapungua.

Cha pili ni kusimama juu ya bomba. Simama baiskeli ikiwa katikati ya miguu, viatu utakavyoendeshea miguuni, mbele ya siti. Kati ya bomba la juu na msamba inatakiwa nafasi, kwa milimani nataka sentimita 5 kwenda juu, maana kuna siku utashuka ghafla mguu mmoja ukiwa kwenye shimo. Baiskeli nyingi za zamani za 29 zenye fremu ya 19 bomba lake la juu liko juu kama sentimita 78 hadi 80 toka chini, na mguu wako na soli ya kiatu ni kama 78, yani umeshagusa. Kwangu mimi hapo mjadala wa ile 19 umeisha, labda iwe na bomba lililoinama sana, na utajua kwa kusimama tu dukani bila hata kupanda.

Cha tatu ndo chenyewe, na hiki hakuna muuzaji wa mtumba atakupimia. Kinaitwa richi, ni umbali wa mlalo kutoka katikati ya krenki kwenda mbele mpaka usawa wa katikati ya shingo ya fremu kwa juu, pale foko inapotokeza. Baiskeli mpya unakuta imeandikwa kwenye tovuti ya kampuni, ya mtumba hamna, ila unaweza kuipata mwenyewe. Egesha baiskeli sehemu tambarare, tairi la nyuma liguse ukuta, mwenzako aishike isimame wima. Pima toka ukutani mpaka katikati ya krenki, andika. Pima toka ukutani mpaka katikati ya shingo kwa juu, futi iwe imelala usawa, ukitaka uhakika ning'iniza uzi wenye nati toka shingoni ili ushuke wima na upimie kwenye uzi. Toa ya kwanza kwenye ya pili, hiyo ndo richi. Ukiwa hapo hapo pima kimo cha shingo toka chini, toa kimo cha krenki toka chini, hiyo inaitwa staki, nayo inakwambia usukani utakuwa juu kiasi gani.

Kwa mtu wa 168 anayetaka kuzunguka siku nzima milimani na sio kushindana, fremu ya kisasa yenye stemu fupi ya milimita 50 ningetaka richi ya milimita 410 mpaka 440. Fremu ya zamani ya 26 itakuja chini ya hapo, 380 na kitu au 390, na usiogope, maana ilitengenezwa itumie stemu ndefu. Cha kuangalia ni jumla. Richi ya 390 na stemu ya 110 inakunyoosha sana na usukani unakuwa mzito kuuchezea kwenye kona za kushuka, ukiweka stemu ya 70 na usukani mpana kidogo, kama sentimita 70 badala ya zile 58 za zamani, unakaa vizuri kabisa na mikono inafunguka. Ila kabla hujanunua stemu angalia vitu viwili: kipenyo cha usukani pale katikati, za zamani ni milimita 25.4 na za baadae 31.8, haziingiliani, na kama foko yake ni ya kubana kwa nje au ni ile ya zamani ambayo stemu inazama ndani ya shingo. Kama inazama ndani ni stemu ya aina nyingine kabisa na uwanja wa kuchagua unapungua.

Na paipu ya siti ivute nje yote uitazame. Kuna mstari umeandikwa kiwango cha mwisho cha kuzama, mstari huo usionekane nje ukishapandisha siti kwenye 67 yako, ukionekana tafuta paipu ndefu zaidi, vinginevyo siku moja itapasua fremu pale juu. Kama paipu haitoki kabisa, imeng'ang'ana, achana na hiyo baiskeli hata ukipunguziwa nusu bei. Pitisha kucha kwenye welding chini ya shingo na kwenye makutano ya bomba la siti, ufa wa aluminiamu unaanza kama mstari wa rangi iliyochanika. Shika breki ya mbele usukume baiskeli mbele na nyuma, shingo ikigonga beringi zimeisha, hilo linatengenezeka.

Kuhusu ringi, ni kweli 29 inapita vizuri juu ya mawe na mizizi, simbishii muuzaji hapo. Lakini ukipasuka tairi upande wa Mtae, tairi na tyubu ya 26 una nafasi ya kuikuta hata kwenye kijiduka cha fundi wa kijijini, ya 29 utaisubiri toka mjini. Kwa safari ya kwanza mimi naangalia hilo sana. Na kitu kimoja zaidi, kuna wauzaji wakiona mteja ni dada wanamvutia ile ya bomba lililoshuka chini, wanaiita ya kike. Kwa sokoni sawa. Kwa milimani usikubali, nyingi ya hizo hazikutengenezewa kuteremka kwenye mawe na usukani wake unakuwa unacheza cheza. Mwili wako unapimwa kwa futi kama wa mtu yeyote.

Haya, kamera.

K1000 nzuri sana hiyo, mjomba kakupenda. Zilitengenezwa kuanzia 1976 mpaka 1997, chuma tupu, shata yake haihitaji betri, betri ni ya mita ya mwanga tu na ni ile ndogo ya LR44 ya vikalukuleta. Haina swichi ya kuzima mita, kifuniko cha lenzi ndo kinaipumzisha betri, kwaiyo usikitupe. Fungua mgongo bila mkanda, elekeza kwenye mwanga ufyatue spidi zote kuanzia 1 mpaka 1000 ukiangalia kama pazia linafunguka sawasawa, na kagua sponji nyeusi kwenye kingo za mlango, karibu zote zimeshageuka lami kwa umri, zikwangue uweke nyingine la sivyo mwanga unaingia na picha zinatoka na michirizi.

Tatizo langu na mkanda kwa safari hii haliko kwenye kamera. Picha 36 zikiisha zimeisha, na zile studio zilizokuwa na mashine ya kusafisha mikanda ya rangi nyingi zimehamia kwenye kuchapa kutoka simu na flashi, kwaiyo kabla hujanunua mkanda hata mmoja ujue kwa jina nani atausafisha na nani ataskani, sio uje kutafuta baada ya safari huku mikanda inakaa kwenye joto miezi. Dawa ya rangi inataka nyuzi 37.8 bila kuyumba, kwa mtu anayeanza ni kazi. Nyeusi na nyeupe unaweza kusafisha mwenyewe jikoni, na kule pwani shida yake ni kinyume, maji ni ya moto mno. Mfano mkanda wa HP5 wa Ilford kwenye dawa yao ya ID-11 bila kuongeza maji ni dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20, maji yakiwa na nyuzi 24 unashuka mpaka dakika 5 na kidogo, na muda ukiwa mfupi hivo dawa haisambai sawa unapata mabaka kwenye anga. Changanya dawa kwa maji nusu kwa nusu, muda unarefuka mpaka kama dakika 13 kwa 20, na tumia barafu kwenye beseni la nje kushusha joto. Inawezekana vizuri tu, ila ni ufundi wa kujifunza nyumbani kwanza.

Na kuna suala la mwanga wa huko unakoenda, hili ndo hasa limenifanya niseme dijitali. Ndani ya msitu wa Magamba ni giza la kijani, hatua chache unatokea kwenye kipande cha jua la wima, asubuhi ukungu, saa sita Mtae umesimama kwenye ukingo wa jabali na tambarare ya Mkomazi chini yako inameremeta. Kwenye mkanda ISO, yani wepesi wa kunasa mwanga, uliyoweka asubuhi ndo unayo mpaka picha ya 36. Ukiweka 400 msituni inakubali kwa shida, ukitoka juani kamera inaishia spidi 1000. Dijitali unabadilisha kwa kidole, unaona kosa pale pale, unarudia wakati ukungu bado upo.

Watu wanasema mkanda unavumilia na dijitali haivumilii, ni nusu ya ukweli. Mkanda wa negativu unavumilia mwanga kuzidi, ukizidisha stopu moja au mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili) bado picha nzuri, lakini ukiupunja vivuli vinakuwa tope na hakuna dawa. Dijitali ni kinyume, ukizidisha anga inaungua inakuwa nyeupe tupu na hairudi, ukipunja kidogo ukapiga kwa faili za RAW, zile ghafi ambazo kamera haijazichakata, unainua vivuli nyumbani. Kwaiyo mkononi mwako K1000 ipe mwanga zaidi, mkanda wa 200 uweke kamera kwenye 100, na dijitali ilinde anga.

Hili la vivuli linatuhusu sisi zaidi ya wengine. Mita ya K1000 inachukua wastani wa kila kinachoonekana kwenye kioo, ukimpiga mama wa sokoni Lushoto na anga nyeupe nyuma yake, mita inaona anga, inapunguza mwanga, uso wa mama unatoka kivuli bila macho. Inamisha kamera chini kwenye majani au kwenye mgongo wa mkono wako uliopo kwenye mwanga ule ule, soma hapo, weka, ndo uinue upige. Na mujue kwamba mikanda ya rangi ya zamani yenyewe haikupangwa kwa ngozi zetu, Kodak walikuwa wanazipelekea maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, na fundi alikuwa anarekebisha mashine mpaka yule mwanamke akae sawa, wengine mkatoka mnavyotoka. Picha nyingi za familia zetu za zamani ambazo babu haonekani sura, usimlaumu mpiga picha peke yake. Mikanda ya sasa imerekebishwa sana, ila tabia ya kumpa mtu mweusi mwanga wa kutosha ibaki mkononi mwako.

Dijitali gani? Ukipata Sony RX100 ya kwanza, ya 2012, iliyotunzwa, gramu 240 na betri ndani, inatosha na kubaki. Ukilinganisha na K1000 yenye lenzi, hii ni chini ya theluthi ya uzito. Udhaifu wake ni lenzi inayotoka na kuingia, vumbi la barabara ya Usambara linavutwa ndani nayo, kwaiyo usiiwashe ukiwa umesimama nyuma ya bodaboda lililopita sasa hivi na ihifadhi kwenye mfuko wa zipu. Wakati wa kununua piga picha ya anga tupu, apecha, yani tundu la lenzi, ifungwe mpaka namba kubwa, uangalie madoa kwenye kioo, afu mulika lenzi kwa tochi ya simu utafute utando wa fangasi, kamera zilizokaa pwani ndo ugonjwa wao. Betri ikiwa imevimba usiipokee.

Usiiweke kamera kwenye keria ya nyuma wala kikapu cha mbele, mtetemo wa barabara ya mawe unalegeza skrubu za lenzi moja baada ya nyingine. Ibebe mwilini, mwili wako ndo shokapu bora kuliko zote. Mkoba wa kiunoni unaouzungusha mbele ukisimama, ukiendesha urudi nyuma. Kifuani sipendi, ukianguka unaiangukia, na K1000 kwenye mbavu ni chuma. Na hapa fremu inarudi tena: kwenye baiskeli ndefu ukiwa umelala mbele, mkoba wa kiunoni unateleza kuja tumboni kila mteremko, utakuwa unaurudisha kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika breki, ni hatari. Kwenye baiskeli iliyokukaa unakaa ulipouweka.

K1000 nayo ianze kufanya kazi hapo Korogwe. Mkanda mmoja wa nyeusi na nyeupe, wapige wazazi, wapige majirani kwa ruhusa yao, andika kwenye daftari apecha na spidi ya kila picha, usafishe mwenyewe, uone ulikosea wapi. Ukishaimudu ipande Lushoto safari ya pili.

Kesho ukienda kwa muuzaji nenda na futi, uzi na nati, na mtu wa kukushikia baiskeli. Niletee richi, staki na kimo cha bomba la juu la ile 17, pamoja na picha ya shingo ya foko kwa karibu stemu ikionekana, nitakwambia stemu ya urefu gani na kama usukani wa sasa unafaa kubaki.